Waliokuja Kituoni Usiku Ule

Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024, jua likiwa limeshatua, nilipigiwa simu na nambari nisiyoijua. Sauti ikasema, "Khotsa, wametushika," na simu ikakatika. Khotsa ni mjomba kwa Kiluhya, na katika Nakuru nzima kuna mtu mmoja tu anayeniita hivyo: kijana wa dada yangu, mwendesha boda boda wa miaka 23, ambaye asubuhi ile alikuwa ameacha pikipiki nyumbani, akajifunga bendera mabegani na kwenda mjini na wenzake kupinga Mswada wa Fedha. Mama yake alikuwa Butere kwa matanga. Nikavaa koti nikaenda peke yangu.

Kituo sitakitaja. Nyuma ya kaunta palikuwa na askari wa zamu, mtu wa makamo, macho mekundu kwa moshi wa vitoza machozi kama sisi wengine. Nilimsalimia, nikamweleza. Akaniuliza swali moja tu: "Wewe ni nani kwake?" Nikasema ni mjomba wake. Akafungua OB, kitabu cha matukio cha kituo, akapitisha kidole, akasema hakuna mtu wa jina hilo. Nikamwambia namsikia akikohoa kule nyuma. Akasema niende nyumbani, nirudi kesho.

Basi nikatoa simu, nikamsomea Kifungu cha 49 cha Katiba. Aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, tena kwa upole, "Mzee, hiyo Katiba hata sisi tunayo." Na kweli walikuwa nayo. Ilikuwa juu ya kabati, pembe zimejikunja, imewekewa glasi ya chai.

Nikatoka nikasimama barazani.

Wa kwanza kufika alikuwa mwenyekiti wa chama cha dada yangu, mama wa miaka zaidi ya 60 anayeuza viazi sokoni. Dada alikuwa amempigia kutoka Butere. Alikuja amejitanda leso mbili, na ndani ya kiondo amebeba kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Sikumwuliza kitabu ni cha nini. Siku nyingine aliniambia aliona aibu kuingia ofisi ya serikali mikono mitupu. Wa pili alikuwa katekista wa parokia yetu. Wa tatu, wakili msichana ambaye nambari yake ilikuwa ikizunguka kwenye simu za vijana wiki nzima. Wanachama wengi wa Chama cha Mawakili walijitolea hivyo nchini mwezi ule, bila malipo. Na mwisho, kwa vishindo, wakafika vijana wa stegi yake. Pikipiki 11 zikapangwa ng'ambo ya barabara, injini zikazimwa, hakuna aliyepiga kelele.

Askari alirudia swali lake kwa kila mmoja. Wewe ni nani kwake?

"Ni mtoto wa chama," akasema mama.

"Nilimtayarisha kwa kipaimara," akasema katekista.

"Mimi ni wakili wake," akasema msichana, ingawa hakuwa amewahi kumwona.

Kabla ya saa nne usiku jina likapatikana kwenye OB. Wino ulikuwa bado mbichi. Kesho yake saa sita mchana akaachiliwa kwa bondi ya polisi, na mpaka leo hakuna shtaka lililofunguliwa. Siku hiyohiyo Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Sisi habari hiyo ilitupita, tulikuwa tunahangaika kutafuta kiatu cha kijana cha mguu wa kushoto.

Nimelifikiria swali la askari yule kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Maneno ya Kifungu cha 49 yalikuwa yaleyale nilipoyasoma peke yangu saa mbili, na yaleyale wakili alipoyarudia saa nne kasoro. Tena mimi niliyasoma vizuri zaidi; niliwahi kuwa mwalimu. Lakini mimi ningerudi nyumbani nikalala na hasira zangu, na asubuhi hasira hizo zingekuwa mali yangu binafsi. Mama wa viazi Jumapili angesimama mbele ya wanawake 34 na kueleza alichokiona. Katekista angetangaza baada ya misa. Wakili angekuwa mahakamani saa tatu asubuhi. Na lile jambo la vijana wa boda lingefika Njoro na Lanet kabla ya chai ya saa nne. Kila mmoja alikuwa mdomo wenye masikio nyuma yake, na askari, ambaye hakuwa mtu mbaya wala mjinga, aliyahesabu masikio hayo.

Kiswahili chetu kinatumia neno chama kwa vitu viwili. Kuna kile cha siasa chenye bendera, na kuna kile cha akina mama wanaokaa kwenye viti vya plastiki kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wakichangiana. Nilipokuwa mtoto katika mitaa ya reli hapa Nakuru, redio ikisema Chama ilikuwa na maana moja tu. Tangu Juni 1982 Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilisema nchi ina chama kimoja, KANU, na hadithi ikaishia hapo. Mama aliposema "naenda chama" alibeba sufuria. Chama kingine kilikuwa vijana waliosimama langoni mwa soko wakitaka kuona kadi yako ya jogoo, alama ya KANU, kabla hujaingia kununua nyanya.

Lakini somo la kwanza nililipata miaka miwili kabla ya hapo, na lilitoka kwenye mpira.

Baba alikuwa fundi wa reli, mtu wa Butere, na dini yake ya pili ilikuwa Abaluhya, timu iliyoundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha vilabu vya Waluhya. Mwaka 1980 Rais Moi alitoa amri miungano ya kikabila ivunjwe: Luo Union, GEMA ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, ya Waluhya, ya Wakamba, yote. Amri ikafuata watu hadi uwanjani. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na herufi A ikaokolewa kwa kuelezwa kwamba sasa inasimamia neno la Kiingereza lenye maana ya "wote". Timu ya Luo Union ikawa Reunion; walibadilisha silabi tu, ujanja ambao baba aliuhusudu mpaka kufa kwake. Jina la Gor Mahia mwishowe likadumu; Gor Mahia ni jina la mtu, mganga wa hadithi za Waluo, na hakuna sheria ya kumvunja mganga aliyekwisha kufa.

Nilikuwa na miaka minane. Nikamwuliza baba kwa nini serikali inaogopa timu ya mpira. Alikuwa amefungua mgongo wa redio, bisibisi mdomoni. Akasema, "Hawaogopi mpira. Wanaogopa gari la kurudi nyumbani."

Ilinichukua miaka kuelewa. Ndani ya gari la kurudi nyumbani ndimo kofia ilimopitishwa. Karo ya mtoto wa fulani, jeneza la fulani, faini ya fulani aliyekamatwa bila kipande enzi za mkoloni na bila kitambulisho enzi za uhuru. Ndimo watu walimoambiana mambo ambayo redio haikusema. Ukiwa na gari kama hilo, chifu akikutisha una pa kwenda kabla ya kwenda kwa chifu.

Serikali haikuwa na hoja ya kipuuzi, niseme hilo. GEMA ilikuwa imejaa matajiri, na mwaka 1976 wanasiasa waliohusiana nayo walitaka Katiba igeuzwe ili Makamu wa Rais, ambaye ndiye huyohuyo Moi, asikalie kiti Mzee Kenyatta akifariki. Kisirani kilikuwa cha kweli. Ila dawa walinyweshwa wote, mgonjwa na mzima. Mwaka uleule wa 1980 walinyweshwa pia wahadhiri wa chuo kikuu na watumishi wa serikali, ambao vyama vyao vya wafanyakazi havikuwa vya kabila lolote.

Ukishuka Kisumu kuna ukumbi unaoitwa Ofafa Memorial Hall. Luo Union waliujenga kwa michango yao, kwa kumbukumbu ya Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Muungano ulivunjwa, ukumbi ukabaki. Kila nikipita pale huwa nafikiria jinsi amri inavyoweza kufuta rejista lakini ikashindwa na mawe.

Na Nyanza walikuwa na mazoea hayo tangu zamani. Tarehe 23 Desemba 1921, pale Lundha katika Gem, walikusanyika maelfu ya watu kwa wito wa vijana waliosomea shule za misheni, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti wao. Himaya ilikuwa imegeuzwa koloni mwaka mmoja kabla, kodi ya nyumba imepanda, kipande kinaning'inia shingoni, na kuna kambi za kazi za lazima. Walijiita Young Kavirondo Association kwa Kiingereza, lakini kinywani mwa watu jina lilikuwa Piny Owacho: nchi imesema. Nalipenda jina hilo. Mkoloni alikuwa amezoea kusema yeye tu.

Walipata kiasi. Gavana Northey alikuja kuwasikiliza mwaka 1922, kambi zikafungwa, kodi ikashuka kidogo. Koloni likabaki koloni na kipande kikabaki shingoni. Kisha ukaja ukarimu wa aina yake. Archdeacon Walter Owen wa kanisa la Anglikana akakishika chama mkono, na kufikia 1923 kikawa chama cha ustawi wa walipa kodi, wanachama wakiapa kupanda miti, kuchimba vyoo na kuua panya. Panya! Wazee wengine hawakumsamehe kwa hilo, na nawaelewa. Lakini Owen huyohuyo aliandika barua kwa magazeti ya Uingereza kuhusu kazi za lazima na dhuluma za kodi mpaka masetla wakambatiza jina la shetani. Kanisa lilipunguza makali ya panga, halafu likalibeba panga lenyewe mahali ambapo wenyewe wasingefika. Ni lipi lililozidi, sijui. Nadhani inategemea ulikuwa na haraka kiasi gani.

Kukumbatiwa kuna hatari kuliko kupigwa marufuku, kwa sababu anayekumbatiwa hutabasamu. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake, shirika kubwa kuliko yote ya akina mama nchini, lilifungwa nira na KANU. Mama yangu hakupinga. Walipewa vitenge. Alichoniambia baadaye ni kwamba mikutano ilibadilika harufu: zamani ungeweza kulalamika juu ya daktari asiyefika zahanati, sasa ukilalamika unakuwa unamlalamikia Rais.

Mwaka uliofuata ukaja mlolongo. Kwa walio chini ya miaka 40, mlolongo ulikuwa hivi: hakuna karatasi ya kura. Unasimama uwanjani nyuma ya picha ya mgombea wako, mchana kweupe, na mwajiri wako, chifu wako, mwenye nyumba wako wote wanakutazama. Kisha wanahesabu, na wakati mwingine mstari mfupi unatangazwa kuwa ndio mrefu. Mimi nilikuwa sekondari. Nilimwona baba, mtu aliyekuwa akibishana na redio, amesimama nyuma ya picha ya mtu aliyemdharau, mikono nyuma, akitazama viatu vyake.

Wakati huo vyama vya upinzani havikuwepo, na magazeti mengi yaliandika kwa tahadhari. Waliobaki na sauti walikuwa wale ambao mkutano wao haukuhitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Chama cha Mawakili. Na makanisa. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini pale Kisumu. Askofu Alexander Muge wa Eldoret. Walisema mlolongo ni aibu, wakati kusema hivyo kulikuwa na bei. Jarida la Baraza la Makanisa lililochapisha habari za wizi wa kura lilipigwa marufuku mwaka 1988 na mhariri wake akafungwa.

Bei ya Muge tunaijua. Agosti 1990 Waziri wa Leba, Peter Okondo, alimwonya asikanyage Busia, akasema huenda asitoke hai. Muge akaenda Busia tarehe 14, akasali na waumini, akapanda gari kurudi Eldoret. Njiani gari lake likagongana na lori, akafa. Okondo alijiuzulu. Siku ya habari hiyo baba, ambaye alikuwa Mkatoliki na hakuwa na neno jema kwa Waanglikana, alizima redio na kukaa gizani.

Hapa kwetu tulikuwa na Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu wa Nakuru tangu 1971 hadi 1996. Ghasia za kikabila zilipowaka Bonde la Ufa kuanzia mwisho wa 1991, Molo na Olenguruone na kwingineko, waliofukuzwa walikimbilia kwenye viwanja vya parokia, na askofu akasema hadharani kwamba moto huu una wenye viberiti serikalini. Nilikwenda kugawa uji katika uwanja mmoja wa parokia. Nakumbuka jambo dogo: mlango wa ghala ulikuwa na kufuli kubwa, padre akampa ufunguo mzee mmoja wa waliokimbia, akamwambia yeye ndiye msimamizi. Mzee yule alikuwa amepoteza shamba wiki ile. Akaanza kuandika orodha.

Na akina mama. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, miongoni mwao Monica Wangu, mama yake Koigi wa Wamwere, mtu wa Nakuru hii, waliketi Uhuru Park kugoma kula, Wangari Maathai akiwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu, na baadhi yao wakavua nguo, laana ambayo hakuna mwanamume aliyelelewa vizuri angetaka kuiona. Wakahamia chini ya Kanisa Kuu la All Saints. Wakakaa humo karibu mwaka mzima, hadi wafungwa wengi, Koigi akiwemo, walipokuwa wameachiliwa. Hawakuwa na cheo. Walikuwa na wenzao, na walikuwa na jengo ambalo serikali iliona haya kulivunja mlango.

Nimeandika hadi hapa nikajiona nasifu vikundi kama mtu anayetaka kuchaguliwa mweka hazina. Basi nigeuze upande wa pili.

Wiki ya mwisho ya Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, Nakuru iliungua. Vijana waliotia alama milango ya mitaa yetu hawakutumwa na karani wa serikali. Walijuana kutoka vikundi vyao, walikusanya michango kwa utaratibu uleule tunaokusanyia ya matanga, na walikuwa na nidhamu. Mimi na watoto tulilala uwanja wa maonyesho siku tisa. Gari la kurudi nyumbani alilolisema baba linaweza kugeuka likawa lori la kubeba mapanga, na halihitaji kubadilishwa hata tairi.

Chama cha dada yangu wakati huo kilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Utaratibu huo upo katika vikundi vingi: funguo tatu, wanawake watatu, sanduku halifunguki mpaka wote wakutane. Kwao ilitokea tu kwamba watatu hao walikuwa wa makabila matatu. Ghasia zilipozuka mmoja alikuwa nasi uwanja wa maonyesho, mmoja alibaki Kaptembwo, mmoja akakimbilia Kisii. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha wa nne. Miezi minane hakuna aliyelifungua. Watu walikuwa na njaa na pesa zao zilikuwa mle ndani, na wengine walisema livunjwe kwa tindo, kwani wale wa kabila lile hawatarudi. Septemba wakakutana, hawakusalimiana vizuri, wakafungua. Zilikuwa kamili. Mmoja wa wale watatu ndiye mama wa viazi.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu kuuliza mtu ana vikundi vingapi, na kama vinafanana. Mtu ambaye kanisa lake, chama chake, timu yake na majirani zake ni watu walewale, wa kijiji kilekile, ana ulinzi mkubwa dhidi ya serikali na hana hata kidogo dhidi yao. Wakimkasirikia hana pa kugeukia, na serikali ikitaka kumpata inampigia simu mtu mmoja tu. Mpwa wangu usiku ule aliokolewa na watu ambao hawapatani. Katekista amewagombeza vijana wa boda mara ngapi kwa kupiga honi wakati wa misa! Mama mwenyekiti hawaamini mawakili tangu kesi ya shamba. Hakukuwa na mkubwa mmoja wa kuwatuliza wote.

Na asiye na mtu je? Huwa namfikiria Elijah Masinde wa Bungoma. Alikuwa mwanasoka, alichezea Kenya mwaka 1930. Kisha akaanzisha Dini ya Msambwa na kuwaambia Wazungu warudi kwao. Februari 1948 polisi walifyatulia risasi waumini wake pale Malakisi, watu 11 wakafa. Yeye akazuiliwa miaka mingi. Mkoloni akaondoka, na mwaka 1968 serikali yetu wenyewe ikaipiga dini yake marufuku tena. Makanisa makubwa yalimwona mpagani na mchochezi, kwa hiyo hakuna aliyekuja kituoni kwa ajili ya Masinde. Taasisi hulinda watoto wake. Wa jirani anayenuka moshi huachwa nje.

Ndiyo maana kifungu nikipendacho katika Katiba ya 2010, kuliko hata kile cha 49, ni cha 22: mtu yeyote aweza kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujisemea, na chama chaweza kwenda kwa niaba ya mwanachama wake. Zamani jaji angekuuliza lile swali la askari, wewe ni nani kwake, na kesi ingeishia mlangoni. Sasa jibu "ni Mkenya mwenzangu" linatosha, angalau kwenye karatasi.

Kukumbatiwa nako kungalipo. Nyumba Kumi ya mwaka 2013 ililetwa kama ujirani mwema, ila ni ujirani unaoripoti kwa chifu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 ilimpeleka mama mwenyekiti kwenye foleni ya ofisi ya maendeleo ya jamii na nakala za vitambulisho. Cheti amekitia fremu, anakipenda. Mimi hukitazama kwa jicho la pembeni, kwa kuwa karatasi inayokupa akaunti ya benki ni karatasi inayoweza kufutwa. Makanisa nayo yalikula michango ya wanasiasa miaka na miaka, mpaka vijana wakaanza kuyazomea. Waanglikana walikuwa wamewafungia wanasiasa mimbari mwaka 2021, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa fedha za Rais. Katekista wetu alisoma habari hiyo kwa sauti, kisha akatazama paa letu jipya la mabati, akanyamaza. Sote tunajua nani alilinunua.

Baada ya usiku ule mpwa wangu aliomba kujiunga na chama cha mama yake. Walipotazama, katiba ya chama haikukataza wanaume. Ilikuwa tu hakuna aliyewahi kuomba. Jumapili ya juzi alifika amechelewa dakika 12, akatozwa faini ya shilingi 50. Alibisha kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Akaonyeshwa wenzake waliofika na mvua hiyohiyo. Akalipa.

Ilipofika mengineyo, akainua mkono. Alikuwa amekisoma kitabu kile, kile kilichokwenda kituoni ndani ya kiondo. Akasema, kwa heshima, kwamba ukurasa wa kwanza unasema uchaguzi ni kila baada ya miaka miwili, na wa mwisho ulioandikwa humo ni wa mwaka 2013.

Kimya kikaingia, na mtu akashusha kikombe. Mama mwenyekiti alimtazama kijana huyo ambaye alikuwa amemtafuta kwa miguu usiku, leso mbili kichwani, akamwambia katibu asome kile kifungu. Katibu akasoma.

"Kiti unakitaka wewe?" mama akauliza.

"Hapana, Mama. Nataka tu tupige kura."

"Kwa mlolongo ama kwa karatasi?" akauliza mwanamke mmoja nyuma, na sisi wenye umri wetu tukaangua kicheko, yeye akatutazama asijue tunacheka nini.

"Leo leo," akasema mwenyekiti. Katibu akachana kurasa mbili za mwisho wa kitabu, akaweka rula, akaanza kuzikata vipande.